Gari Lililopunguzwa Nguvu

Mwaka 1983 Mjomba alinunua Land Rover kwenye mnada wa magari chakavu ya serikali mjini Arusha, na wenzake aliokwenda nao walimsihi aiache pale pale alipoikuta. Ilikuwa 109 ya mfululizo wa IIA, zile za mwanzo ambazo taa zake za mbele zimebanana katikati kwenye wavu wa rejeta. Injini yake ya petroli ilikuwa imekwama. Milango ya nyuma haikuwepo, betri haikuwepo, na ukikaa kiti cha dereva uliona nyasi kati ya miguu yako. Ililetwa Karatu mgongoni mwa lori lililokuwa linafuata mahindi, ikashushwa nyuma ya nyumba yetu kwa magogo na kamba. Mimi nilikuwa msichana wa darasa la sita, na tangu jioni ile kazi yangu ikawa kushika tochi.

Naandika haya kwa sababu ya maneno niliyoyasikia Arusha Oktoba 2024, kwenye tamasha la Land Rover. Vijana walikuwa wanapita kwenye misururu ya magari wakitafuta yale ya "orijino". Wakikuta gari lenye kitu kilichobadilishwa, wanatikisa kichwa na kusonga mbele. Mapenzi yao kwa magari haya nayaheshimu. Lakini mimi nililiona gari likibadilishwa kipande baada ya kipande na mtu aliyelipenda kuliko yeyote niliyewahi kumjua, na kila alichokibadilisha kilikuwa na kisa chake, chenye mahali na msimu. Visa hivyo visiposimuliwa na sisi tuliokuwepo, vitapotea.

Hali ya nchi wakati ule ilikuwa ngumu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha 1979 na kuiacha hazina ikiwa tupu. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo spea zilizokuwa zikitoka Nairobi kwa siku moja sasa hazikuja, au zilikuja kwa njia za usiku. Petroli ilikuwa ya kubembeleza, na magari ya binafsi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Tena 1983 ndio mwaka wa msako wa walanguzi ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Mtu aliyekutwa na beringi mpya nyumbani kwake alitakiwa aeleze amezipata wapi. Mjomba akaanza kutunza stakabadhi ya kila nati aliyonunua, na kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka kuliko wake, akanipa daftari niorodheshe: kitu, bei, mahali, tarehe. Daftari hilo ninalo, na mengi ninayoyasema hapa yamo humo.

Alianza na chesisi, kabla ya kuigusa injini. Watu wengi hawajui kwamba bodi ya Land Rover hizi ni ya alumini, uamuzi wa Waingereza uliotokana na uhaba wa chuma baada ya Vita Kuu ya Pili. Bodi haili kutu, kwa hiyo gari linaweza kuonekana zima huku chesisi ya chuma iliyo chini yake imeoza. Yetu ilikuwa imeoza kwenye boriti ya nyuma na kwenye masikio yanayoshika springi. Mjomba alikata sehemu zote mbovu, hata zile ambazo fundi wa kuchomelea alisema zingevumilia, akaweka plate nene zilizotoka kwenye tela la trekta lililokufa. Alipokuwa anarudisha bodi juu ya chesisi, alikata vipande vya tyubu ya zamani na kuviweka kila mahali alumini ilipokutana na chuma. Nilimuuliza kwa nini. Akasema metali hizi mbili zikigusana na unyevu ukiwa kati yake, moja huila nyingine. Aliyajua hayo bila kusoma kitabu chochote cha kemia.

Sasa injini. Kabla ya kurudi Karatu, Mjomba alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya ngano ya Basotu, kule Hanang, yaliyoendelezwa kwa msaada wa Kanada. Huko aliishi kati ya matrekta na mashine za kuvunia, na alirudi na imani moja: dizeli. Land Rover yenyewe ilikuwa na injini ya dizeli yenye ujazo ule ule wa lita 2.25, iliyojengwa juu ya umbo moja na ile ya petroli. Matundu ya kufungia giaboksi yanalingana, vikalio vya kwenye chesisi vinalingana. Alipata moja iliyotoka kwenye gari lililopinduka, akaifungua yote, akabadilisha ringi na beringi za krenki, akaifunga tena.

Injini ya petroli ilikuwa na nguvu za farasi 77. Ya dizeli ilikuwa na 62. Majirani walimwona mtu aliyetumia akiba yake yote kulifanya gari liwe zito na la polepole kuliko lilivyotoka kiwandani. Yeye alihesabu mambo mengine. Dizeli ilipatikana kwa wenye matrekta hata wiki ambazo kituo cha mafuta kilikuwa kimefungwa. Injini ya dizeli haina plagi za cheche wala koili wala distribyuta, kwa hiyo ukivuka korongo lenye maji hakuna cha kulowa na kuzima. Tena nguvu yake inapatikana chini kabisa, injini ikiwa inazunguka polepole, na barabara zetu hazikuwa na mahali pa kukimbilia. Anayetambaa kwenye mawe na magunia mgongoni hana haja ya farasi wanaoamka injini ikipiga kelele.

Tulikuwa tumeiinua injini hiyo kwenye kapi, chini ya miti mitatu ya mkaratusi iliyofungwa pamoja juu, jioni ya tarehe 12 Aprili 1984, redio iliposema Sokoine amefariki kwa ajali ya gari kule Dakawa, Morogoro. Mjomba aliishusha injini taratibu mpaka ikakaa juu ya matairi, akaifunika turubai, akaosha mikono kwa dizeli na sabuni bila kusema neno. Alikwenda Monduli kwenye maziko akiwa amesimama juu ya lori pamoja na watu wengine. Ule msako ulikuwa umemsumbua hata yeye, lakini hakuruhusu mtu amseme vibaya Sokoine mbele yake. Kazi ilisimama hadi mvua za masika zilipopungua.

Kubadilisha injini si kutoa hii na kuweka ile tu. Dizeli inayobaki kwenye nozeli lazima irudi kwenye tenki, kwa hiyo akatengeneza bomba jipya la kurudishia. Injini hiyo ya dizeli haizimwi kwa ufunguo, kwa hiyo akavuta waya kutoka kwenye pampu mpaka kwenye dashibodi, mwishoni ukiwa na kitufe cha mbao alichokichonga mwenyewe. Kwa sababu ni nzito, akaongeza ubao mmoja kwenye kila springi ya mbele. Mafuta yaliyouzwa kwenye mapipa yalikuwa na maji na mchanga, kwa hiyo kabla ya filta aliweka kikombe cha kutenganishia maji kilichotoka kwenye trekta. Kila asubuhi nilikifungua na kuachia maji yatoke, mpaka mkono ukasikia utelezi wa dizeli tupu.

Kilichomtesa kuliko vyote kilikuwa kitu kidogo: hita plagi. Hizi ni nne, moja kwa kila silinda, na kazi yake ni kupasha moto chumba cha mwako ili injini baridi iwake. Karatu iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Julai asubuhi yake inauma. Kwenye injini hii hita plagi zimefungwa kwa mfuatano. Umeme unaingia ya kwanza, unapita kwenda ya pili, ya tatu, ya nne, ndipo unakwenda chini. Moja ikiungua, zote nne zimekufa, na huwezi kujua ni ipi kwa kuziangalia.

Naiona asubuhi moja kama iliyotokea juzi. Umande uko kwenye boneti, pumzi zetu zinaonekana. Mjomba ameinama upande wa injini, ameshika balbu ndogo ya taa ya nyuma iliyofungwa nyaya mbili. "Mama, lete mwanga chini kidogo," ananiambia. Ndivyo alivyoniita, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. Anagusa kichwa cha plagi ya kwanza, balbu inawaka. Ya pili, inawaka. Ya tatu, kimya. Anakata kipande cha waya mnene, anaiunganisha ya pili na ya nne moja kwa moja kuiruka ile iliyokufa, na injini inawaka kwa kukohoa, silinda moja ikiwa bado imelala, moshi mweupe ukijaa ua mzima. Lakini alijua anachokifanya ni kukopa. Umeme uliokuwa unagawanywa kwa nne sasa unagawanywa kwa tatu, kwa hiyo hizo tatu zinapata moto zaidi na nazo zitakufa upesi.

Mpaka wa Kenya ulipofunguliwa Novemba 1983 tulidhani spea zingemiminika. Hazikumiminika, kwa kuwa fedha za kigeni hazikuwepo. Hali ilianza kulegea baadaye, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na zaidi baada ya Mzee Mwinyi kuingia Ikulu Novemba 1985. Ndipo dereva mmoja wa malori alimletea kutoka Nairobi hita plagi nne za volti 12 zenye uzi unaoingia kwenye hedi yetu. Mjomba alitupa nyaya zote za zamani, akafunga upya kila plagi ikipata umeme wake peke yake kutoka kwenye waya mmoja mkuu. Tangu siku hiyo moja ikiungua tatu zinabaki zinafanya kazi. Katika mabadiliko yote aliyoyafanya, hili lilikuwa rahisi kuliko mengine kwa gharama, na kwangu ndilo zuri kuliko yote. Kilichopatikana hapo ni nidhamu ya nyaya tu, na gari likaacha kututia wasiwasi kila asubuhi.

Kazi ya gari ilikuwa vitunguu. Vilitoka Mang'ola, bonde la Ziwa Eyasi, ambako maji ya chemchemi yanamwagilia mashamba katikati ya nchi kavu ya Wahadzabe na Wadatoga. Kutoka Karatu unateremka kama mita 500, kwanza udongo mwekundu, halafu mawe, halafu vumbi jepesi linalotifuka mbele yako kabla gurudumu halijafika. Vumbi hilo linaua injini. Likipita filta linasaga ringi na kuta za silinda kimya kimya, na unashtuka tu siku gari linapoanza kula oili.

Mjomba alikumbuka Basotu. Trekta linalolima ngano linafanya kazi ndani ya wingu la vumbi kutwa nzima, na juu ya bomba lake la hewa kuna bakuli linalouzungusha upepo ili vumbi zito litupwe pembeni kabla hewa haijafika kwenye filta ya oili. Alilipata bakuli kama hilo kwenye mabaki ya trekta. Akachukua bomba la ekzosi, akalikunja kwa moto, akalipandisha kando ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa, akaliweka bakuli juu yake. Watoto wa kijiji cha Rhotia waliliita gari letu "lenye sigara". Tukirudi Mang'ola kazi yangu ilikuwa kulimwaga bakuli hilo, na mara nyingi lilitoa vumbi la kujaza kiganja. Nilikuwa najua kwamba kila punje niliyoimwaga ilikuwa inakwenda kwenye silinda.

Milango, mabenchi, fremu ya turubai, tenki la pili chini ya kiti cha kushoto: hayo yote yalifanyika, na yalifanyika vizuri, ila sitayasimulia. Nataka kufika kwenye difu.

Ilikuwa 1986, msimu wa mavuno ya vitunguu. Tulikuwa tunapanda kutoka Mang'ola usiku na magunia ya lumbesa, utingo na abiria juu yake. Mjomba alikuwa bado kwenye gia ya pili, magurudumu ya nyuma peke yake yakivuta, kwa sababu alipenda kuipumzisha difu ya mbele. Tairi la nyuma liliteleza kwenye mchanga, likashika jiwe ghafla, tukasikia mlio mmoja mkavu kama wa tawi linalokatika. Injini ikaendelea kunguruma. Gari likasimama.

Hafushafti ya nyuma ilikuwa imekatika. Ni ugonjwa unaojulikana wa Land Rover za 109 za zamani: zina ekseli ya nyuma ya Rover iliyobuniwa kwa gari jepesi, na shafti zake ni nyembamba kwa mzigo zinaopewa. Lakini wabunifu hao hao walifanya jambo moja la busara kubwa. Uzito wa gari unakaa kwenye habu na beringi zake, shafti inazungusha gurudumu tu. Kwa hiyo unaweza kuichomoa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake manne. Mjomba alifungua bolti sita kwenye habu, akavuta, kikatoka kipande kirefu. Kile kifupi kilibaki ndani ya difu, na kikiachwa humo kingeweza kusaga meno. Akafunga kitanzi kwenye mwisho wa waya wa kufungia magunia, akalala ubavu, akakivua taratibu huku nikimmulikia ndani ya lile tundu refu jeusi. Alikikosa mara nyingi. Kilipotoka alikinusa, akakitazama pale kilipokatikia, akanionyesha: sehemu moja ya mkato ilikuwa nyeusi na laini, nyingine inang'aa. "Ile nyeusi ni ufa wa zamani," alisema. "Ilianza kukatika kabla ya leo."

Akaliziba tundu la habu kwa kipande cha tyubu, akafunga habu za mbele, zile anazozifungua ili kuipumzisha difu ya mbele, akaweka loo. Kwenye Land Rover hizi ukiweka loo magurudumu ya mbele yanaingia yenyewe, kwa hiyo mbele ikatuvuta. Ila uzito wote ulikuwa nyuma na mbele ikawa inachimba. Magunia yakashushwa zaidi ya nusu, utingo akabaki nayo, abiria wakapanda kilima kwa miguu. Tulifika nyumbani kumekucha.

Mtu mwingine angenunua shafti nyingine akaendelea. Mjomba alikataa kurudi Mang'ola na mzigo mpaka apate ekseli ya Salisbury, ile nzito iliyofungwa nyuma ya 109 za mfululizo wa III. Ilimchukua karibu mwaka, na kipato chetu kikayumba. Mimi nilirudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa michango, na mama yangu alimlaumu waziwazi. Ilipopatikana, vikalio vya springi vililingana sawasawa na vya zamani. Tatizo lilikuwa urefu. Pua ya Salisbury inajitokeza mbele zaidi, kwa hiyo propela ya zamani ikawa ndefu. Iliibidi ikatwe, ichomelewe tena na kusawazishwa mashineni Arusha. Baada ya hapo hatukukatikiwa na shafti tena.

Miaka hiyo vijana wenye magari walianza kufunga matairi ya 9.00-16 badala ya 7.50. Gari linainuka, linapendeza, linavuka mashimo. Mjomba alikataa. Tairi refu, alisema, ni sawa na kuibadilisha difu bila kuigusa: kila gia inakuwa ngumu kwa injini, breki zinapata kazi zaidi, na breki zetu zilikuwa za bomba moja tu kwa magurudumu yote manne. Aliwahi pia kupewa injini kubwa ya Kijapani kwa bei nzuri. Alizunguka nayo siku nzima kwa mawazo, halafu akairudisha. Naamini mpaka leo kwamba huko kukataa kulikuwa sehemu ya ufundi wake sawa na kuchomelea.

Aliiuza 1999, macho yake yalipoanza kudhoofu, kwa mkulima kijana wa Mang'ola. Miaka michache baadaye kijana yule alikuja kumsalimu nayo. Ile dizeli ya farasi 62 haikuwepo tena. Chini ya boneti kulikuwa na Isuzu, imeunganishwa na giaboksi ya zamani kwa plate iliyochongwa kwenye gereji ya Arusha.

"Shikamoo Mzee," kijana alisema. "Usinikasirikie."

"Marahaba. Nyuma umeacha ile ile?"

"Salisbury ile ile, Mzee. Sijaigusa."

Mjomba aliomba akae kwenye usukani. Alibonyeza klachi, akapitisha gia moja moja, akisikiliza. Kisha akamwambia kwamba sasa penye udhaifu ni giaboksi, kwa sababu haikutengenezwa kwa nguvu ile, na akamweleza la kufanya: akipanda na mzigo asingoje injini ilemewe, aweke loo mapema. Loo iko nyuma ya giaboksi, inapunguza inachokibeba na kuuhamishia mzigo kwenye ekseli. "Ekseli itabeba," alisema. "Hiyo niliilipia." Kijana akatoa kalamu akaandika kiganjani.